Kusugua Upande Mmoja

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa na kazi ambayo hata sisi wa nyumbani tulichelewa kuielewa. Alisugua vioo. Si vioo vya madirisha. Hivyo ni vyangu mimi, mfagizi wa jengo lile lile la maabara alimofanyia kazi. Vyake vilikuwa vipande vidogo, upana wa vidole viwili, vilivyopakwa utando mwembamba wa plastiki usioonekana kwa macho. Alivipanga mezani, akavipitishia kitambaa cha velveti kilichobandikwa kwenye kipande cha ubao. Alianzia kifuani kwake akasukuma mbele, akainua ubao, akaurudisha hewani, akaanza tena. Mara ishirini kwa kila kioo. Hakuwahi hata siku moja kusugua kwa kurudi.

"Si uende na kurudi umalize?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Nikirudi nimeharibu. Fagio lako linakwenda na kurudi kwa sababu vumbi halina adabu, Shem. Kioo hiki kina adabu. Kinakumbuka mkono wa mwisho uliopita."

Alikuwa fundi cherehani. Aliingia jengo lile kushona mapazia meusi ya chumba cha leza, maana chumba kile hakitakiwi kuingiza mwanga wa nje hata kidogo. Mapazia yalikuwa ya velveti. Profesa, mwenye maabara ile, alikuwa amesimama mlangoni akamwona anapapasa kitambaa kwa kiganja kabla ya kukata, mbele kisha nyuma, mbele kisha nyuma. Akamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta manyoya yake yamelalia wapi," alijibu. "Ukikata kipande kimoja huku na kingine kule, pazia litakuwa na rangi mbili."

Profesa akasema, "Mama, njoo nikuonyeshe kitu." Shemeji hakurudi tena kwenye cherehani. Miaka kumi na mitatu alisugua vioo, na jengo zima likamwita Mama Velveti. Watu wenye shahada tatu walikuwa wakibisha hodi kwenye kichumba chake na kusimama kwa heshima mpaka amalize ishirini zake. Kaka yangu, ambaye ni kinyozi, hilo lilimchoma kidogo.

"Hata mimi nanyoa kwa kufuata nywele zilivyolala," alikuwa akisema. "Mbona mimi haniiti mtu daktari?"

"Kwa sababu vichwa vyako vikiharibika vinaota tena," mkewe alimjibu.

Yaliyokuwa yakifanyika na vioo vile nilielezwa na msaidizi wa Profesa, dada mmoja mrefu anayesomea udaktari wa fizikia. Tulimwita Zimataa kwa sababu neno lake la kwanza kila akifungua mlango ni "Zima taa!" Mimi nimeishia darasa la saba, na nitasema kama nilivyoshika.

Vioo viwili vinalazwa kimoja juu ya kingine, katikati inabaki nafasi ya kupita unywele. Kisanduku hicho wanakiita seli. Humo wanaingiza kitu wanachokiita fuwele za kimiminika, ndugu wa zile zilizomo kwenye kioo cha kikokotoo. Kinatiririka kama mafuta, lakini chembe zake zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Zinazogusa utando zinafuata alama za velveti, na za katikati zinaiga jirani zao. Kisha wanapitisha mwanga wa kijani wa leza kwa ubavuni. Juu na chini vioo vinaubana mwanga usitoke. Kushoto na kulia hakuna ukuta, kwa hiyo unatawanyika kama maji ya ndoo iliyopinduka, na hayo maji nayajua vizuri. Lakini ukiongeza nguvu kidogo, mwanga wenyewe unazigeuza zile chembe, na pale zilipogeuka mwanga unajikusanya badala ya kutawanyika. Unajichimbia mfereji na kupita humo humo. Kwenye skrini ya hadubini unaona uzi mmoja wa kijani, mwembamba, umenyooka.

"Hapa hesabu ya dukani haifanyi kazi, mjomba," Zimataa aliniambia. "Ukitia nguvu mara mbili hupati mara mbili. Unapata kitu kingine kabisa. Na ukizidisha sana, uzi unaanza kuyumba kama mlevi."

"Na ukinyooka?"

"Ukinyooka, jua Mama amesugua vizuri."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote uzi ulinyooka, na Shemeji aliingia chumba kile giza mara moja moja, akautazama, akasema "haya," akarudi kwenye velveti yake.

Bega lake lilianza kuuma mwaka huu, msimu wa baridi. Mimi nililijua kabla ya kaka yangu, kwa sababu kazini ndiko alikolificha vibaya. Chupa za utando zilikuwa rafu ya juu, naye akaanza kuniita nimteremshie. Siku ya kwanza alisema amechoka. Siku ya pili alisema rafu imepandishwa.

"Rafu imepandishwa na nani, Shemeji?"

"Na wewe. Unafagia kwa nguvu, sakafu imeshuka."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto akauteremsha taratibu kama mtu anayeshusha mzigo wa mtu mwingine. Zahanati walimwambia bega limekaza, halina dawa ya haraka, huachia lenyewe baada ya mwaka au miwili, na mengine hayaachii. Wakamfundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui. Kila asubuhi kabla watu hawajafika alisimama kwenye korido akipandisha vidole, nami nikimshikia penseli kuweka alama alipofika. Wiki ya kwanza alama ilipanda. Baada ya hapo ilikaa pale pale, halafu ikashuka, nami nikawa naiweka juu kidogo ya alipofika. Alijua. 

Kaka yangu alipogundua alimwambia, "Waambie ukweli wakupe kazi nyingine."

"Ipi? Kuna kazi mia moja mle ndani," Shemeji alijibu. "Tisini na tisa anaweza kufanya mtu yeyote. Hii moja ni yangu. Nikiiacha nitarudi kuwa nani? Mwanamke wa mapazia?"



Vioo vikaanza kulalamikiwa. Wa kwanza kulalamika hakuwa mtu, ni ule uzi. Zimataa alisema siku hizi hauketi. Profesa si mtu mbaya. Alikuja mwenyewe kwenye kichumba, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusema huku akitazama magoti yake.

"Mama, kuna mashine. Inasugua yenyewe, rola moja inazunguka. Wenzetu wengi wanayo. Mimi sikuitaka miaka yote hii kwa sababu yako."

"Na sasa unaitaka."

"Sasa nahitaji seli zinazofanana. Nitengenezee kumi. Ijumaa asubuhi tutaziangalia pamoja, wewe ukiwepo. Uzi ukinyooka, habari ya mashine tumeizika."

"Na usiponyooka?"

Profesa alisimama akarudisha kigoda mahali pake. "Tutakutafutia pa kukaa," alisema.

Jumatano na Alhamisi alisugua. Sijawahi kuona mtu anasugua vile. Alifunga mlango, lakini kwenye kioo cha mlango nilimwona kwa pembeni: anasukuma, na mkono ukikaribia mwisho bega linagoma, kiwiko kinaingia ndani, kifundo cha mkono kinapinda kumalizia safari. Hivyo hivyo mara zote ishirini. Baada ya kila kioo aliegemea meza, akafumba macho, akapumua, kisha akachukua kingine. Nilitamani kuingia nikamwambia, "Nipe mimi nisukume." Lakini mimi ni mtu ninayesimama nje ya mlango nikijiuliza nibishe vipi, mpaka aliye ndani anatoka. Ndivyo nilivyo tangu utotoni.

Alhamisi adhuhuri alitoka kwenda kunywa maji, akaniachia niangalie vioo visiguswe. Vilikuwa mezani, vimepangwa, vikisubiri kufunikwa na wenzi wao. Juu ya cha tatu nikaona uzi wa velveti, kinyoya kidogo cheusi, kimelala katikati. Vumbi moja linatosha kuharibu seli. Hilo nililisikia mara elfu. Nikafikiri, mtu amejikaza siku mbili na bega bovu, halafu kazi yake iuawe na kinyoya? Nikachukua karatasi laini ya kufutia lenzi, nikakiondoa. Nilifuta mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama ninavyofuta meza.

Mkono ulipofika mwisho ndipo nilipokumbuka.

Nilisimama pale na karatasi mkononi. Kioo kilionekana vile vile, safi, kinang'aa, hakuna aliyeweza kusema kimeguswa. Nikajiambia ni mara moja dhidi ya ishirini, haiwezi kushinda. Shemeji aliporudi akaniuliza, "Salama?" nikasema, "Salama." Akavifunika, akavipiga gundi, Zimataa akavijaza kimiminika. Usiku ule sikula vizuri.

Ijumaa saa tatu asubuhi tuliingia chumba cha leza. Mimi sikualikwa, nilibeba ndoo nikasimama nayo nyuma kama mtu aliyekuja kukausha kitu. Zimataa akasema neno lake, taa zikazimwa. Mezani kulikuwa na trei ya seli kumi, zimeandikwa namba.

"Chagua wewe, Mama," Profesa alisema.

Shemeji alinyoosha mkono gizani. Akachukua ya tatu.

 Zimataa akaifunga chini ya hadubini, akafungua leza kwa nguvu ndogo. Kwenye skrini mwanga uliingia ukatawanyika, kama unavyotakiwa. Akaanza kuongeza. Mwanga ulijikusanya, ukaanza kuwa uzi, na sote tukavuta pumzi. Halafu ukapasuka. Ukagawanyika matawi mawili, moja likayumba huku, lingine likafifia kule, na katikati pakabaki mawingu ya kijani yanayotetemeka. Zimataa alipunguza, akaongeza tena. Ikawa vile vile.

"Ni mkono wangu," Shemeji alisema taratibu. "Msihangaike na zingine."

"Ni mimi," nikasema.

Sikumbuki kuwahi kusema kitu kwa sauti katika chumba kile. Wote waligeuka. Nikaeleza yote, kinyoya, karatasi, kushoto kwenda kulia. Nilieleza vibaya, kwa kurudia rudia, na ndoo ikigonga goti langu. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho.

"Shem," alisema, "miaka kumi na mitatu nakwambia upande mmoja."

"Najua."

"Mfagizi ni mfagizi tu, hata umpe karatasi ya lenzi." Lakini sauti yake ilikuwa imepanda, ilikuwa na furaha. Profesa naye alikuwa anacheka kwa ahueni. Hata mimi, kwa dakika ile moja, nilijiona mtu aliyeokoa kitu. Nilikuwa nimeharibu kioo kimoja, na kukiri kwangu kumerudisha tisa.

"Haya, weka ya kwanza," Profesa alisema.

Zimataa akaiweka ya kwanza. Mwanga ukatawanyika, ukajikusanya, ukawa uzi, mzuri, mwembamba, unakwenda mbele bila kuyumba. Ulipofika kama robo tatu ya safari, ukapinda kulia. Haukuvunjika wala kutawanyika. Ulipinda tu, kwa ulaini, kama barabara inayozunguka nyumba, ukaendelea huko mpaka mwisho wa skrini.

 Zimataa akaweka ya pili. Uzi ulikwenda, na mahali pale pale ukapinda kulia. Ya nne vile vile. Ya tano. Ya sita. Kufikia ya saba nilikuwa nimeacha kutazama skrini. Nilimtazama Shemeji kwenye mwanga ule wa kijani. Alikuwa ameinua kiganja chake cha kulia mbele ya uso, anakisukuma polepole hewani, kisha kiwiko kinaingia ndani, kifundo kinapinda. Akatazama skrini. Akarudia. Uzi ulikuwa umechora bega lake, na aliliona kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Lakini Profesa alikuwa ameinama karibu kabisa na skrini. "Pima hiyo kona," alimwambia Zimataa, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyehuzunika.

"Digrii kumi na moja. Ile ya kwanza pia kumi na moja."

"Zote?"

"Zote tisa. Kumi na moja, na vipointi kidogo."

"Unaona? Unafuata kona bila kumwagika! Mwanga unakata kona wenyewe!"

Wakaanza kusemezana kwa lugha yao ya hesabu, wakinyoosheana vidole. Shemeji alisubiri. Kisha akauliza, "Kwa hiyo imefaulu?"

Profesa aligeuka kama aliyesahau kwamba tupo. "Hapana, Mama. Yaani, haijanyooka. Ila ni kitu kizuri sana." Alifikiri. "Unaweza kunitengenezea nyingine kumi zenye kona hii hii? Kumi na moja. Ukiweza kuirudia, mashine sina haja nayo. Mashine haijui kupinda."

Nje kwenye korido Shemeji alinishika mkono. "Umesikia? Wanataka ubovu wangu," alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilicheka naye. Sikujua kama tunacheka kitu kimoja.

Wiki iliyofuata alisugua tena. Sasa hakuficha, mlango aliuacha wazi, nami nilikatazwa kuvuka kizingiti. Jumatatu zilitoka seli zake, Zimataa akapima: digrii kumi na nne. Profesa akasema karibu, jaribu tena. Jumanne maumivu yalizidi, kaka akampeleka zahanati akachomwa sindano begani. Jumatano alisugua akiwa mwepesi, anaimba chini chini. Digrii tisa.

"Mama, juzi kumi na nne, leo tisa," Zimataa alisema. "Umebadilisha nini?"

"Nimechomwa sindano, mwanangu."

"Basi jaribu kama ulivyokuwa kabla ya sindano."

"Kabla ya sindano nilikuwa na maumivu ya kabla ya sindano," alimjibu. "Nitayatoa wapi?"

 Sindano ilipoisha nguvu bega lilikaza kuliko mwanzo. Ijumaa zilitoka seli zenye kona ya digrii kumi na saba, na tena hazikulingana, hii kumi na sita, ile kumi na tisa, kwa sababu kila kioo alichosugua kilimkuta na bega jingine. Alijaribu kuegemeza kiwiko kwenye kitabu. Alijaribu kusimama kwenye kigoda. Alijaribu kujilazimisha kupinda mahali alipokuwa akipinda bila kutaka, na hapo ndipo ilipotoka mbaya kuliko zote. Nilikuwa kwenye kizingiti na fagio langu. Nilimwona anahesabu kwa midomo, kumi na sita, kumi na saba, na kwenye kumi na nane mkono ukasimama katikati ya kioo. Alijaribu kuusukuma. Haukwenda.

Aliubandua ubao pale ulipokwama, akauweka pembeni, akavua glovu.

"Shem, niitie Profesa."

Profesa alikuja akafuta miwani yake bila sababu. Shemeji hakumpa nafasi ya kutafuta maneno.

"Agiza mashine," alimwambia. "Ila usinunue velveti kwa wale wanaouza ya kung'aa, manyoya yake hayana upande."

"Mama, tunaweza kusubiri. Miezi sita, mwaka."

"Utasubiri nini? Mimi mwenyewe silijui litaamka vipi kesho."

 Profesa akafanya kitu nilichoona cha ajabu kwa mtu wa cheo chake: alinyanyua vioo vyote vilivyobaki mezani, kimoja kimoja, kwa kushika kingo tu kama yeye mwenyewe alivyomfundisha Shemeji, akavipanga kwenye sanduku. Hakukuwa na haja. Vilikuwa vimeharibika.

Sasa Shemeji anakaa mapokezi, anaandikisha wageni kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, herufi zake kubwa kama za mtoto. Mashine ilikuja, ina kelele kidogo, inasugua vioo arobaini kwa saa, na uzi unanyooka. Wanaobisha hodi kwenye kile kichumba siku hizi ni mafundi umeme tu.

Wiki iliyopita nilipita mapokezi na ndoo yangu. Alikuwa anamwelekeza mgeni njia ya maabara ya Profesa. Alinyoosha mkono wa kulia kumwonyesha, mkono ukafika nusu, ukapinda. Mgeni akaelekea kulia. Ilikuwa aende moja kwa moja. Shemeji alimwangalia akiishilia kwenye korido isiyo yake, akanigeukia.

"Mkimbilie, Shem," alisema.

Niliweka ndoo chini, nikamkimbilia.